Ngazi za Mtaa wa Phila

Wasomaji wengi watastaajabu kuona karani wa serikali ameziacha habari za kodi na vibali, akaandika habari za gita. Sina budi kueleza kwanza chanzo cha jambo lenyewe, ingawa chanzo hicho hakinipi sifa hata kidogo.

Katika mji wetu, ambao ni mdogo na upo chini ya Mlima Kenya upande wa kusini, sisi watu sita tulikusanya akiba zetu tukafungua mkahawa. Mmoja wetu ni mwalimu, mmoja ni fundi wa mashine, watatu ni wakulima, na mimi ni karani. Kilichotusukuma ni aibu ya siku nyingi. Nchi yote inayouzunguka mji ule imepandwa mibuni, lakini mgeni akiingia nyumbani kwa mkulima hupewa chai. Tulitaka pawe na mahali ambapo mtu aweza kunywa kahawa ya shamba la jirani yake, imekaangwa na kusagwa papo hapo. Mchana biashara haikuwa mbaya. Ila jioni, hasa Jumamosi, vijana walipita mlangoni petu bila kugeuza shingo, wakaenda zao kwenye baa zenye kelele. Halmashauri yetu ikakata shauri kuleta muziki, na kwa kuwa ndimi mwandishi wa halmashauri, nikatwikwa mimi kazi ya kumtafuta mwanamuziki.

Nikampata mzee mmoja wa tarafa ya jirani apigaye gita kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mtindo ule uliotufikia kutoka Kongo katika miaka ya 1950. Nilimpigia simu nikamwambia, "Njoo tu, Mzee, hatutakosana." Naye akajibu, "Haya, kijana wangu." Huo ndio uliokuwa mkataba wetu wote.

Siku yenyewe mvua ilianza saa kumi alasiri, ikanyesha kama iliyotumwa. Walikuja watu kumi na wanne, na katika hao nusu walikuwa sisi wenyewe na wake zetu. Mzee alipiga saa mbili bila kupumzika, na mbele ya ukuta wa nyuma televisheni ilikuwa ikionyesha mpira, maana hakuna aliyekumbuka kuizima. Tulipofunga, mweka hazina alihesabu shilingi 2,100. Akatoa fedha za maziwa, za makaa na za mtumishi, akanipa shilingi 1,000 katika bahasha nimpelekee mgeni wetu. Mzee aliifungua bahasha, akatazama, akaikunja na kuitia katika mfuko wa koti. Alikuwa amekodi pikipiki kuja na kurudi, yeye na kijana wa kumbebea spika. Hakuuliza neno. Alisema tu, "Haya, Karani," akatoka mvuani.

Katika simu nilikuwa kijana wake. Usiku ule nikawa Karani. Neno lile lilinikaa moyoni muda wa miezi mingi, wala sikumwambia mtu.

Basi, mwezi wa Oktoba nilipata likizo yangu, nikaenda Marekani kumtazama dada yangu mdogo ambaye ni muuguzi katika mji wa Albany, makao makuu ya jimbo la New York. Nauli ilikuwa akiba ya miaka mitatu, na sehemu yake aliongeza yeye. Kutoka jiji la New York nilipanda treni iendayo kaskazini kwa muda wa saa mbili na nusu, mto Hudson ukiwa mkono wa kushoto karibu njia yote. Milima ya ng'ambo ilikuwa myekundu na manjano. Mimi ni mtoto wa mkulima, na nilipoyaona majani yale nilifikiri mara moja juu ya kutu ya mibuni, nikawahurumia wenye miti. Mpaka abiria aliyeketi karibu nami aliponieleza kwamba ndivyo ilivyo kila mwaka kabla ya baridi, na kwamba watu husafiri kutoka mbali kuja kuyatazama.

Siku ya tatu dada yangu aliniambia, "Kaka, Jumamosi nitakupeleka mahali panapofanana na ule mkahawa wenu." Akanichukua kwa motokaa yake mpaka Saratoga Springs, mji ulio kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Albany.

Mji huo una sifa tatu. Ya kwanza ni vita, kwa maana karibu na hapo, mwaka 1777, jeshi la Waingereza la Jenerali Burgoyne lilishindwa na Wamarekani waliokuwa wakitafuta uhuru wao. Ya pili ni farasi. Uwanja wao wa mashindano ulifunguliwa mwaka 1863, na kila majira ya joto watu humiminika kuja kuchezea kamari. Sisi tulifika farasi wamekwisha ondoka. Ya tatu ni maji. Katika bustani iliyo katikati ya mji kuna chemchemi ambazo mtu yeyote huruhusiwa kuonja bila malipo, na zamani wagonjwa waliletwa kutoka miji ya mbali ili wanywe na kuoga. Nilikunywa kikombe kimoja. Yana gesi na chumvi, mfano wa maji yaliyotiwa magadi, na dada yangu alicheka alipouona uso wangu.

Kutoka barabara kubwa ya Broadway tulikata kona, tukaingia mtaa wa Phila, mtaa mfupi wenye nyumba za zamani. Namba 47 tulikuta mlango na ngazi za kupanda ghorofani. Hapo ndipo palipo Caffè Lena, nyumba ambayo husemwa kuwa ndiyo kongwe katika Marekani miongoni mwa nyumba za kahawa za nyimbo za kienyeji ambazo hazijapata kusimamisha kazi. Tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2016 kuna lifti kwa wazee na wasiojiweza, lakini mimi nilipenda kupanda kwa miguu.

Habari za nyumba ile ni hizi. Mwaka 1960 Bill Spencer, mchonga sanamu, na mkewe Lena, binti wa Waitalia waliohamia Marekani, waliifungua kwa kusudi la kupata fedha haraka, kisha waende wakaishi Ulaya. Fedha hazikupatikana. Baada ya miaka michache mume alikwenda zake, mke akabaki na vikombe, na madeni, na jukwaa. Lena Spencer aliiendesha nyumba ile karibu miaka thelathini. Wanamuziki waliokuja kutoka mbali aliwapikia kwa mkono wake na kuwalaza nyumbani kwake, na mara kadha wa kadha nyumba ilipokaribia kufungwa, wanamuziki wenyewe walipiga bila ujira ili kumchangia. Alifariki mwaka 1989, baada ya kuanguka katika ngazi zile zile. Marafiki zake hawakukubali nyumba ife. Wakaifanya kuwa chama kisichotafuta faida, na hivyo ndivyo ilivyo hata sasa, na kazi nyingi hufanywa na watu wa kujitolea.

Chumba chenyewe si kikubwa. Hakichukui zaidi ya watu mia moja na kumi hivi, na meza zimesongamana karibu kabisa na jukwaa, hata mtu wa mbele aweza kuziona kucha za mpiga gita. Tulikuwa tumelipa tikiti siku nyingi kabla. Walioimba usiku ule walikuwa mume na mke, na vyombo vyao vilikuwa gita moja na fidla moja. Kabla hawajapanda, mtu wa nyumba alisimama akawataja majina yao, akawaomba watu wafunge simu, akashuka. Tangu hapo sikusikia mtu akizungumza. Mwanamume aliyeketi mezani petu alitaka kuweka kikombe chake katika kisahani, akakiweka kwanza juu ya kitambaa ili kisilie.

Haikuwa hivyo siku zote. Husimuliwa kwamba mwaka 1961 alikuja pale kijana mmoja asiyejulikana, jina lake Bob Dylan, na watu wakaendelea kuzungumza huku akiimba, hata Bill Spencer akapanda jukwaani kuwakemea. Kijana yule baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 2016. Sikisimulii kisa hiki ili kuwacheka waliozungumza. Nakisimulia kwa sababu mwenye nyumba alihesabu kuwa kazi yake haikwisha alipomleta mwimbaji. Alijua kwamba kumpatia ukimya ni sehemu ya mapatano. Nikaikumbuka televisheni yetu.

Tulipokuwa tukirudi dada yangu aliniuliza, "Kaka, mbona umenyamaza?" Ndipo nikamweleza habari za yule mzee na bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ana jirani ambaye huenda akanifaa.

Jirani huyo ni mwalimu wa shule siku za kazi, na siku za mwisho wa juma hupiga banjo katika nyumba za kahawa za mitaani, zile ndogo ambazo hakuna aandikaye habari zake katika vitabu. Amefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Tuliketi jikoni kwake saa nyingi, nami nikiandika kama niko ofisini, naye akanieleza namna zilizopo za kumlipa mwanamuziki.

Namna ya kwanza ni kikapu. Mwanamuziki hupiga, kisha kikapu au kofia hupitishwa mezani, kila mtu akatia apendacho. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba nyingi za mtaa wa MacDougal katika jiji la New York kati ya miaka ya 1950 na 1960, na waimbaji wengi waliopata sifa baadaye walianzia hapo. Nilimwambia kwamba watu wetu wa pwani wanalo jambo linaloshabihi hilo: katika taarabu mtu huinuka akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu, noti ikionekana. Alipenda sana kusikia. Lakini nilimweleza pia kwamba, kwa nijuavyo, tuzo ile huja juu ya malipo ya arusi, wala si badala yake. Mwenye arusi hawezi kukiambia kikundi kwamba malipo yao yatatoka katika mikono ya wageni. Akasema kosa la kikapu ni hilo hasa. Mwenye nyumba huuza kahawa yake kwa bei iliyoandikwa ukutani, halafu mwanamuziki, ambaye ndiye aliyewaleta wanywaji, huachiwa huruma yao.

Namna ya pili ni fungu la mlango. Wanaoingia hulipa kiingilio, na fedha hizo hugawanywa, mathalani sehemu saba katika kumi zikawa za mwanamuziki na tatu za nyumba. Namna ya tatu ni ujira uliokatwa, watu waje wasije. Ya nne huchanganya hizo mbili, na ndiyo aipendayo yeye: nyumba huahidi kiasi fulani, na fungu la mlango likikizidi kiasi hicho, mwanamuziki hupewa lililo kubwa. Akanipigia hesabu. Tuseme ahadi ni dola 150, na kiingilio ni dola 10. Wakija watu kumi na wawili, mlango una dola 120, na sehemu saba katika kumi ni 84. Mwanamuziki atapewa 150 zake kama alivyoahidiwa. Wakija thelathini, mlango una 300, na fungu lake ni 210; atapewa 210.

"Na ile ambayo hulipwi kitu, ila huambiwa utajulikana?" nilimwuliza, maana hata kwetu maneno hayo yapo. Alicheka, akasema hiyo haikuwa katika hesabu yake.

Kesho yake alinipeleka katika nyumba moja ya kahawa karibu na kwao, yenye meza tisa tu. Mwenyewe ni kijana mpole mwenye ndevu, naye alinifungulia daftari lake bila kinyongo. Siku za muziki zilikuwa zimekwisha jazwa miezi minne mbele. Alinieleza kwamba mwanamuziki amwandikiapo hutakiwa kupeleka nyimbo mbili tatu za kusikilizwa, na kwamba yeye huchagua kwa kukipima chumba kabla ya kuipima sifa ya mtu. Ngoma kubwa haiwezi kukaa katika meza tisa. Kisha humwandikia barua fupi ya ukurasa mmoja. Nilisoma moja: tarehe, saa ya kufika na kujaribu vyombo, saa ya kuanza, mizunguko miwili ya dakika arobaini na tano na mapumziko katikati, nani ataleta kipaza sauti, chakula, malipo ni kiasi gani na kwamba yatatolewa usiku ule ule, na theluji ikizuia njia itakuwaje. Hapo iliandikwa kwamba nyumba ikivunja ahadi kabla ya siku saba, itatoa nusu ya ujira. Barua yote haikuzidi mistari ishirini. Mimi, ambaye huandika barua kumi za serikali kila siku, zenye nakala na namba za faili, sikuwa nimemwandikia mzee yule hata mstari mmoja.

Jambo jingine nililoliona pale ni mashine ya kusagia kahawa. Wimbo ukiendelea haiguswi. Mtu akitaka kahawa wakati huo hupewa iliyokwisha pikwa, ama atangoja.

Tena kuna ada za watunzi. Huko mwenye nyumba ndiye awajibikaye kupata kibali kwa vyama vya haki za watunzi, kama ASCAP, kilichoanzishwa mwaka 1914, na BMI cha mwaka 1939, kwa sababu mwanamuziki aweza kuimba wimbo wa mtu mwingine, na yule mtu mwingine naye anayo haki yake. Kijana yule alinung'unika juu ya ada hizo kama mfanyabiashara yeyote anung'unikavyo. Jirani wa dada yangu alijua wimbo mmoja tu wa Kiswahili, nao ni "Malaika", akidhani ni wa Miriam Makeba, ambaye aliutia katika sahani pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965. Nilimweleza kwamba Fadhili William wa kwetu alikuwa ameurekodi kabla yao, na kwamba hata hivyo wako waliobisha juu ya nani hasa aliyeutunga. Akatikisa kichwa, akauliza kama wale waliogombana walipata fedha zozote. Kwetu pia iko Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na ziko kanuni za kelele za mwaka 2009; nazijua kwa kazi yangu, lakini siku ile ya mvua sikuzikumbuka wala hizo wala zile.

Siku mbili kabla ya kurudi nyumbani tuliingia duka moja kununua zawadi. Rafuni palikuwa na paketi za kahawa zimeandikwa Kenya AA. Herufi hizo, kama wajuavyo wakulima, ni kipimo cha ukubwa wa punje. Dada yangu aliigeuza paketi akatazama bei, kisha akaniuliza, "Baba hupata kiasi gani katika hii?" Sikuweza kumjibu, kwa kuwa Baba mwenyewe hawezi kujibu. Yeye huchuma, huipeleka buni kiwandani, hupewa risiti ya uzito, kisha hungoja. Kahawa hukobolewa, hupangwa daraja, hupelekwa mnadani Nairobi, na kila mkono inamopita hukata chake. Yanayobaki humrudia yeye baada ya miezi, naye hupokea na kusema, haya. Tangu utoto wetu tumemsikia akilalamika kwamba katika safari yote ya kahawa, aliyeipanda ndiye wa mwisho kuulizwa.

Nilisimama katika duka lile na paketi mkononi. Katika mkahawa wetu tulilipa maziwa kwanza, kisha makaa, kisha mtumishi, na kilichobaki ndicho tulichomtilia mzee katika bahasha. Neno la Baba, "haya," na lile la mzee lilikuwa moja, nami sikulijua mpaka nilipofika huko.

Niliporudi, jambo la kwanza lilikuwa kwenda kwake. Nilimkuta akikama ng'ombe, nikangoja mpaka alipomaliza. Nikamwuliza siku ile alitazamia kupata nini. Alisema desturi yake ni shilingi 3,000, na pikipiki ilikuwa 600, lakini mambo yale yamekwisha pita. Nikampa shilingi 2,600 kutoka mfuko wangu. Alizihesabu mara mbili, tena polepole, nami sikuona vibaya. Kisha akamwita mkewe alete chai. Ndiyo, chai.

Shida kubwa ilikuwa katika halmashauri. Niliposoma pendekezo la kumwahidi ujira, mweka hazina alikataa katakata. Akauliza: mvua ikinyesha tena, nani atalipa? Nilimjibu kwamba mvua ikinyesha mkahawa utakuwapo kesho, na keshokutwa utauza kahawa, lakini mzee hana Jumamosi ile nyingine. Naye akasema, na ni kweli, kwamba Jumamosi tatu za hasara zaweza kutufunga mlango, na mkahawa uliofungwa hauajiri mpiga gita yeyote. Tulibishana jioni mbili. Mwalimu alikuwa upande wangu, fundi na wakulima waligawanyika. Mwishowe tulipatana hivi: ahadi ni shilingi 2,500, kiingilio shilingi 100, na sehemu saba katika kumi za mlango zikiizidi ahadi, atapewa hizo. Chumba chetu kikijaa watu 45, fungu lake litakuwa shilingi 3,150. Nauli ni mbali. Tutajaribu mara tatu, kisha tutazame daftari.

Nilimpelekea mzee barua hiyo ya ukurasa mmoja. Aliisoma kwa miwani ya mkewe, kidole kikifuata mistari. Alitaka mambo mawili yaongezwe. La kwanza, alipwe kabla ya mzunguko wa mwisho, wala si baada yake. La pili, televisheni izimwe. Niliyaandika yote mawili pembeni, tukatia sahihi, nakala moja yake na moja ya faili.

Nilipoinuka kuondoka aliniita, "Kijana wangu." Akasema kuna jambo la tatu, ila si la kuandikwa. Siku ile ya mvua tulimpa kiti chenye mikono, na kwa saa mbili gita lilikuwa likigonga mbao. Mkahawa wetu hauna viti vya namna nyingine. Nimekwisha zungumza na mwalimu, naye ameniahidi kiti kimoja kisicho na mikono kutoka darasa la nane, ambacho nitakifuata Ijumaa jioni na kukirudisha Jumatatu kabla ya kengele.